Jiwe la Kumi na Mbili

Sanduku lilikuwa mahali pake kwenye spa, juu ya meza ndogo ya chumba cha kukandia, kifuniko kimefungwa vizuri. Raya alipolifungua saa nne asubuhi ili apashe mawe kwa ajili ya mgeni wa kwanza, lilikuwa tupu.

Inspekta Primus Tesha alifika kutoka Moshi kabla ya adhuhuri, pamoja na Koplo Mussa. Walipita lango la mawe lililopasuliwa katikati, wakapanda ngazi hadi kwenye nyumba za hoteli zenye mapaa ya nyasi yaliyopandana moja juu ya jingine. Hoteli hiyo ilijengwa mwaka 1936 na Mholanzi mkulima wa kahawa ambaye kabla ya hapo alikuwa ameishi Bali. Sasa ilikuwa mwaka 2001, lakini watu wa pale Kilema, mlimani, bado waliiita kwa Mholanzi.

"Yameibwa mawe kumi na mawili," alisema Madam Doris, mwenye hoteli, mwanamke wa Machame aliyeishi Dar miaka mingi. "Mke wa Mholanzi alikuja nayo kutoka Bali. Tunayapasha moto, tunayapanga mgongoni mwa mgeni. Watu wanatoka Uswisi kwa ajili ya mawe hayo."

"Afande," Mussa alinong'ona, "mwizi wa mawe hapa? Mlima mzima ni mawe."

Inspekta hakucheka. Alikagua mlango. Kitasa hakikuwa kimevunjwa.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa Raya. Wangu ulikuwa mkobani."

Raya alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Njoro, Moshi mjini. Alisimama pembeni, mikono yake ikinuka mafuta ya nazi.

"Umefungua mlango saa ngapi?"

"Saa mbili, afande. Halafu nikawa nafagia varanda."

"Nani ameingia tangu hapo?"

"Hakuna mtu. Mama wa mataulo tu."

Mussa aliandika: hakuna mtu.

Madam Doris alisisitiza kesi ifunguliwe. Raya aliingizwa kwenye Land Rover. Hakulia. Aliomba tu mama yake asiambiwe na majirani, aambiwe na polisi wenyewe.

Alilala rumande usiku wa kwanza, akalala na wa pili.

Alhamisi asubuhi simu ililia kituoni. Yakobo, mtunza bustani, alikuwa amekuta furushi la majani makavu ya mgomba kwenye ngazi ya spa. Ndani yake mlikuwa na mawe kumi na moja.

"Bado moja," Madam Doris alisema walipofika. "Huyo msichana ana mwenzake, na mwenzake anatuchezea."

Inspekta aliinua jiwe moja, akalinusa. Lilinuka sabuni ya kufulia. Akainua la pili, na la tatu. Yote yalikuwa yamesuguliwa mpaka weusi wa mafuta ukatoka, na kila moja sasa lilikuwa na rangi yake.

"Mwizi gani anaosha alichoiba, kisha anakirudisha?"

"Mwizi msafi," alisema Mussa.

"Mwizi anayetafuta, koplo. Mafuta yaliyafanya yote yafanane. Ameyachukua yote, akayaosha ili alitambue moja. Alipolipata, akarudisha ya watu."

Akamgeukia Yakobo.

"Jiwe la kumi na mbili lilikuwa na nini?"

"Sijui, afande."

"Unajua. Tangu nifike unatazama viatu vyangu."

Yakobo alimeza mate. "La kwenye sanduku lilipasuka. Mwaka jana, mwezi wa sita. Siku hiyo nilisaidia kuyapasha, nikaliweka motoni likiwa limelowa, likapasuka vipande. Niliogopa kufukuzwa. Nikatafuta jingine lenye umbo lile."

"Ulilitoa wapi?"

"Migombani, chini ya ukuta. Lilikuwa limekaa peke yake. Kama limewekwa."



"Na leo furushi lilikuwa na mawe tu?"

"Juu yake kulikuwa na jani la sale, afande. Limepigwa fundo."

Mussa, mtoto wa mjini, alitazama huku na huku. Inspekta alizaliwa mlimani. Alijua kwamba jani la sale, ule mmea wa mipakani mwa mashamba, likipigwa fundo ni ombi la msamaha, na anayeletewa halikatai.

"Madam, jani liko wapi?"

"Nimelitupa." Sauti yake ilishuka. "Ningelipokea, ningekuwa nimesamehe kabla ya kumjua mtu."

"Ndiyo maana yake."

"Hii ni biashara, Inspekta."

Inspekta alirudi kwa Yakobo. "Hiyo migomba ilikuwa kihamba cha nani?"

"Cha mume wa mama Salvina. Alipofariki, shemeji wa mama akakiuza chote, ardhi na migomba, kwa hoteli."

"Salvina yupi?"

"Huyu anayefua. Mama wa mataulo."

Inspekta alinyoosha mkono, akachukua daftari la Mussa, akasoma mstari wa Jumanne: hakuna mtu. Alilirudisha bila kumlaumu. Hata yeye alikuwa amelisikia jina hilo, akalipita.

Walimkuta nyuma ya jiko akianika mashuka, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, aproni yake imelemea upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekungoja tangu alfajiri. Msichana ameshatoka?"

"Bado."

"Lakini nimerudisha."

"Limebaki moja, mama."

Salvina alikunja shuka alilokuwa nalo, akaliweka kwenye kapu. Kapu lilikuwa kubwa. Mawe kumi na mawili yangekaa chini ya mataulo machafu bila kuonekana.

"Hilo moja ni la mwanangu," alisema.

Inspekta alivua kofia.

"Nilimzaa mwaka wa Uhuru. Akakaa siku tatu. Padre alikuwa safarini, mtoto hakubatizwa, basi hakwenda makaburi ya misheni. Tulimzika migombani. Nilishuka mtoni mwenyewe, maziwa yananitoka, nikamchagulia jiwe laini. Sikutaka limuumize. Miaka yote nikienda kukata majani ya ng'ombe nilikaa naye kidogo. Mwaka jana nikakuta udongo mtupu."

"Ulijuaje liko spa?"

"Nilipeleka mataulo, mlango uko wazi. Mzungu amelala kifudifudi, mawe yamepangwa mgongoni. Moja nikalijua umbo lake. Nikajiambia, Salvina, umezeeka. Nikarudi kufua. Nimefua miezi mitano na jambo hilo."

"Mbona hukumwomba Madam?"

"Ningemwambiaje? Kwamba wageni wake wanawekewa kaburi mgongoni?" Aliingiza mkono kwenye aproni, akatoa jiwe la kijivu lenye mshipa mweupe. "Sikujua watamkamata Raya. Lichukue, baba. Msichana wa watu asilale rumande kwa ajili ya aliyekwisha kulala."

Shuka lililokuwa kambani lilisogea. Madam Doris alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuna aliyejua tangu lini.

"Hiki ni kielelezo," Inspekta alimwambia, akimpa jiwe. "Ukisema kesi iendelee, nitaondoka nacho, pamoja na mama huyu. Sheria iko upande wako."

Madam Doris alilipokea kwa mkono mmoja, kisha akaongeza wa pili.

"Aliitwa nani?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi namwita Aikande."

Madam Doris alimrudishia jiwe.

"Sina kesi," alisema. "Jani nililitupa, lakini lilikuwa limeshanifikia."

Raya alirudishwa saa kumi jioni, gauni na kanga yake vimekunjamana. Salvina alikuwa akimsubiri langoni. Alianza kupiga magoti, Raya akamshika viwiko.

"Usinipigie magoti, mama. Nimekukasirikia njia nzima, usinimalizie hasira yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Koplo amenieleza. Lilikuwa lipi?"

Salvina alimwonyesha.

"Hili? Hili lilishika joto kuliko yote. Nilikuwa naliacha mgongoni mpaka mwisho."

Inspekta alijifanya anakagua gurudumu la gari.

"Ulikuwa unamshikaje?" Salvina aliuliza.

Raya alilichukua jiwe. Alilizungushia pindo la kanga yake, akalikausha taratibu, ingawa halikuwa na maji. Kisha akalilaza ndani ya mkono wake, pale ngozi ilipo laini, akatulia kidogo.

"Hivi. Nalijaribu kwangu kwanza, nijue haliunguzi."

"Tena," alisema Salvina. "Nionyeshe tena."