Mtani Haombi Radhi

Stendi ya Ruangwa wakati wa kupuliza mikorosho haina adabu. Mifuko ya dawa ya salfa inapita juu ya vichwa vya watu, bodaboda zinapita katikati ya miguu yao, na mtu aliyebeba boksi kubwa kuliko kifua chake anapita popote panapompitisha. Siku ile mwenye boksi alikuwa Eustakio. Ndani mlikuwa na droni ya kupulizia dawa mikorosho, ambayo hadi asubuhi hiyo aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamke. Kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwenye boksi, alimgonga binti mmoja mgongoni, na ming'oko yote aliyoibeba, vile viazi vya porini, ikamwagika chini.

"We kaka! Hiyo televisheni unaipeleka wapi kwa fujo hivyo?"

"Samahani sana, dada. Si televisheni. Ni droni."

"Droni! Na wewe ndiye unayeiendesha?" Binti akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Basi mikorosho ya watu imekwisha."

Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa vizuri kiunoni, raba nyeupe, na miwani aliyoipandisha juu ya rasta zake ndefu. Mfukoni mwa mkoba bisibisi ilikuwa inachungulia. Eustakio aliinama kuokota ming'oko, akaokota pole pole kuliko ilivyohitajika.

"Kabila gani wewe, unayegonga watu mchana?"

"Mmwera. Mmwera wa Mtua, Nachingwea."

Binti akapiga makofi. "Nilijua tu! Mtani wangu! Mimi Mmakonde. Basi hapa hakuna cha samahani." Akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa juu ya miwani yake. "Hii faini. Mtani haombi radhi, mtani analipa."

"Hiyo kofia nimeizoea, mtani."

"Utaizoea ukiwa unaniangalia mimi."

Huku kwetu utani wa makabila si mzaha wa kupitishia muda. Mtani wako anaweza kukunyang'anya kitoweo sokoni na kukucheka msibani ukiwa machozi yanakutoka, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Ni kitu kizuri sana kwa watu wanaotaka kupendana, maana unaweza kusema mengi kabla haijajulikana kwamba umeyasema kwa moyo.

Binti aliitwa Teddy. Alikuwa fundi wa mashine katika hospitali moja ya misheni, na kwao ni hapo hapo Ruangwa. Simu zikaanza.

"Mtani, umekula?"

"Nimekula ming'oko yenye mchanga. Nani aliyeimwaga?"

"Mchanga ni chumvi ya Wamakonde, mpenzi."

"Umesemaje mwishoni hapo?"

"Nimesema mtani."

"Hukusema mtani, Eustakio. Rudia."

Akarudia. Kisha, kwa kuwa Teddy alikuwa na mashine ya oksijeni inayomsumbua, alimwingiza katika kundi lake la WhatsApp, Mafundi wa Kusini. Eustakio ndiye aliyelianzisha na ndiye aliyekuwa admini. Walikuwamo wa simu, wa sola, wa redio na wa droni, kuanzia Chinongwe hadi Mtwara. Mashine ilipona kwa ushauri wa siku moja, na Teddy akawa mmoja wao.

Jumapili moja Teddy alimpeleka Eustakio nyumbani kwao. Baba yake, mzee Saturnini, alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, suruali imekunjwa upande mmoja juu ya goti, mguu wa bandia umeegemezwa ukutani.

"Mmwera, usinihesabie miguu," mzee akamwambia kabla ya salamu kwisha. "Hesabu zenyewe hamzijui."

Eustakio alicheka hadi akashika mbavu. Teddy alikuwa amemwambia kwamba mzee alipata ajali zamani, naye kichwani mwake akaona lori, akaliacha lori liende zake. Teddy akaingia jikoni, wanaume wakabaki barazani, wali na kuku vikaja. Alikula akashiba, na hakuuliza mguu ulikwenda wapi. Baadaye hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote, kwamba alishiba.

Siku moja Amri, mwenzake Eustakio wa kazi, alileta video kundini. Ilitoka kwenye vita vya mbali. Droni ndogo inaelea juu ya shamba la ngano, inadondosha kitu, inasogea, inadondosha kingine. Ni mabomu ya kutegwa ardhini. "Jamani oneni," Amri aliandika, "ni ndugu yake kabisa na hizi zetu za mikorosho." Kundi likachangamka. Huyu anauliza uzito, yule anauliza betri, mwingine anauliza inawezaje kuachia kimoja kimoja.

Teddy akaandika: "Samahani wakubwa. Hizi ni silaha ambazo nchi nyingi zimezipiga marufuku. Hivi hapa ni mahali pa kuzijadili kama pampu ya dawa? Naomba tujiulize kwanza."

"Dada, ukifumba macho bomu haliondoki," Amri akajibu. "Bora tujue."

Mmoja akasema kundi lisiwe kanisa. Mwingine akasema video ifutwe haraka. Mwishowe wote wakaandika jambo moja: admini aseme.

Admini alikuwa shambani Mtua, mikono inanuka salfa, wakulima wanamsubiri. Angeweza kusema atajibu jioni. Angeweza kusema swali la Teddy ni la haki. Lakini watu wengi walikuwa wanamngoja yeye, na Eustakio, tusimfichie, alitaka kuwachekesha. Akarekodi ujumbe wa sauti: "Sisi ni mafundi. Tunajadili saketi, hatujadili maiti. Na mtani wangu Teddy asiogope kitu. Mmakonde akikanyaga bomu, linalokufa ni bomu!"

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Eustakio akarusha droni yake. Ilipotua aliitazama simu, akakuta Teddy amejitoa kwenye kundi.

Akampigia pale pale.

"Mtani, umenuna? Mtani hanuni."

"Eustakio." Hakuwahi kumwita hivyo kwa sauti ile. "Nilifungua voisi yako kwa sauti kubwa. Baba alikuwa pembeni yangu. Huwa anapenda kukusikia."

"Si utani tu, Teddy..."

"Baba yangu alikanyaga bomu la kutegwa. Umekula kwetu. Umeuona ule mguu."

Eustakio alikaa chini juu ya mfuko wa salfa. "Uliniambia ajali."

"Na yeye akakusimulia mwenyewe pale barazani. Kila mgeni anamsimulia."

"Hakunisimulia! Tuliongea mpira tu, Teddy, nakuapia."

"Usinidanganye juu ya hilo pia," akasema, na simu ikakatika.

Alifanya anachofanya mtu aliyemwaga kitu kwenye zulia la watu. Aliifuta video, akaufuta ujumbe wake, akawaomba wenzake wafute yao, akatangaza kwamba kuanzia sasa habari za silaha marufuku, kisha akalifunga kundi asiweze kuandika mtu. Akampigia tena Teddy, akiwa na furaha kidogo.

"Nimefuta kila kitu, mpenzi. Hakuna kilichobaki."

"Umefuta?"

"Chote."

"Mimi nilisema tujiulize. Mwanzo hukujiuliza, ukacheka. Sasa pia hujajiuliza, umefuta." Akavuta pumzi. "Baba bado analisikia ulilosema. Yeye nani atamfutia?"

Baada ya hapo hakupokea tena. Siku ya Jumamosi kondakta wa basi la Ruangwa alimpigia Eustakio aje stendi Nachingwea kuchukua mzigo. Ulikuwa mfuko wa nailoni, ndani kofia. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Hiyo pasi ilimuumiza, maana kitu cha mtani hakirudishwi, na kikirudishwa, hakipigwi pasi.

Aliendelea na kazi, lakini kazi ilikuwa imemgeukia. Alirusha droni juu ya mikorosho, ukungu wa dawa ukashuka, na chini mama mwenye shamba alikuwa anaokota kuni pekupeku. Eustakio akajikuta anaitazama miguu ya yule mama, hatua kwa hatua, mpaka akasahau kugeuza chombo na kikaenda kupuliza shamba la jirani.

"Kosa ni langu," Amri alimwambia. "Video niliileta mimi."

"Wewe ulileta video. Kicheko nilikileta mimi."

"Nenda basi Ruangwa, kaka. Utapuliza mashamba ya watu bure mpaka lini?"

Alikwenda. Alivaa shati jeupe na ile kofia yenye alama za pasi. Mzee Saturnini alikuwa barazani, anaupaka mafuta mkanda wa mguu wake wa bandia. Alipomwona akaangua kicheko kilichosikika mpaka barabarani.

"Mmwera! Umekuja kuliangalia bomu lililokufa?"

Teddy akatoka ndani, kanga kiunoni, mikono ina unga. Alimwona Eustakio, akabaki mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi! Wewe mtani wangu, uniombe radhi mimi! Keti hapa." Akamvuta akamkalisha kwenye benchi, bega kwa bega. "Unataka nikukasirikie, nivunje utani wa babu zangu kwa ajili ya kimdomo chako? Ulinipatia vizuri sana. Nilicheka."

"Mzee, sikujua. Siku ile hukunisimulia."

"Nikusimulie nini? Timu yangu ilikuwa imefungwa jana yake, kinywa kilikuwa kichungu." Akamgeukia binti yake. "Kweli, mwanangu, huyu sikumsimulia. Basi asikie leo. Nilivuka mto Ruvuma, ng'ambo ya mpaka, kumsaidia mjomba wangu kuchimba mihogo. Vita vilikuwa vimekwisha, redio ilitangaza, kila mtu alisikia. Bomu halikuwa na redio." Akacheka tena. Lakini mkono wake, Eustakio aliuona, ulikuwa umelishika lile goti na kulibana.

Teddy aliusogelea ukuta, akauegemea.

"Kwa hiyo hukujua," akasema polepole. "Nilikuita mwongo bure. Hilo langu, nisamehe. Lakini nijibu na wewe. Ungejua, usingesema?"

"Nisingesema."

"Na kama angekuwa baba wa mtu mwingine? Usiyemjua?"

Kulikuwa na jibu zuri, na kulikuwa na la kweli. "Ningecheka," Eustakio akasema. "Ningecheka na nisingelala na mawazo. Hilo ndilo linaloniua, Teddy. Si kwamba sikujua mguu wa nani. Nilijua ni mguu wa mtu."

Teddy aliitazama mikono yake yenye unga. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Unataka mambo ya mabomu tusiyazungumze kabisa?" Eustakio akamuuliza.

"Nani kasema? Mimi nafungua mashine kila siku, siwezi kumkataza mtu kujua kitu. Zungumzeni. Lakini ninyi mnalizungumza bomu likiwa juu, mnapima betri, linadondoka, mnaishia hapo. Msiishie hapo. Fikeni chini, kwa anayelima. Mkifika huko, chekeni kama mtaweza."

"Nitalifungua kundi. Nitayasema haya kwa mdomo wangu."

"Ukiyasema nitarudi."

"Haya, yamekwisha," mzee akadakia. "Mtani, umeleta nini cha kula?"

Hapo ndipo ingefaa Eustakio acheke. Kila kitu kilikuwa kimesamehewa, na hakuna aliyekuwa amekubali kumsikia akiomba. Alimtazama mzee, mkono ule bado uko gotini, akaona kwamba utani utalifunika kosa lake milele, na mzee atalazimika kuchekeshwa na jambo lile kila Jumapili mpaka afe. Akasimama. Akaivua kofia, akapiga magoti sakafuni.

"Mzee, mimi sitaki tena kuwa mtani wako."

Kicheko kikakatika.

"Najua anatumwa mshenga, na wazazi wangu watakuja kwa utaratibu. Na Teddy hajaulizwa, ana haki ya kunifukuza sasa hivi. Lakini mtani haombi radhi. Mkwe anaomba. Nitoe kwenye utani, unisikie kama mkwe."

Saturnini alimgeukia. Eustakio hakuwahi kuuona uso ule bila kicheko. Ulikuwa uso wa mtu mwingine, mzee zaidi, aliyechoka.

"Teddy, umemsikia?"

"Nimemsikia, baba."

"Unamtaka Mmwera huyu?"

Teddy alimtazama Eustakio pale chini, kofia mkononi, jasho linamtiririka shingoni. "Namtaka," akasema. "Nilimtaka tangu stendi. Lakini kwanza aombe."

"Baba," Eustakio akasema. "Niliucheka mguu wako mbele ya watu, ili wanione mimi hodari. Hukuwa na namna ya kunijibu. Nisamehe."

Mzee alitazama mbali, ng'ambo ya barabara.

"Iliniuma," akasema. "Iliniuma sana. Nilicheka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nimekusamehe, mwanangu."

Teddy akaja, akaichukua kofia kutoka mikononi mwa Eustakio. Hakuivaa, aliishikilia kifuani na unga wake wote. Eustakio akainuka, akataka kurudi kukaa pale alipokuwa, lakini mzee akainua mkono.

"Hapo sasa si pako. Mkwe hakai benchi moja na baba mkwe."

Basi Eustakio akakaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, kwa heshima, na hakuna aliyecheka.