Kitanda cha Thelathini na Moja

Wodi yetu ya wanawake ina vitanda thelathini. Najua, maana nimedeki chini ya kila kimoja miaka kumi na miwili. Kwa hiyo siku Sista Fyness alipokuwa anaaga kwenda kufanya kazi Ulaya, akasoma daftari la kukabidhi zamu mpaka thelathini kisha akaendelea, "Na thelathini na moja, anaendelea vizuri," niliacha kudeki nikamtazama.

Sista Zione Mbewe hakumtazama. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaenda kwake kujinyoosha saa mbili tatu, akaitwa tena kwa kuwa mwenzake hakutokea. Alikuwa anasinzia wima. Akasema neno wanalosema manesi wote wakikabidhiwa: "Nimepokea."

Fyness akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, akatoka bila kugeuka. Nilitaka kusema, lakini mdeki na mambo ya manesi wapi na wapi? Nikanyamaza.

Zione alikuwa nesi hasa. Alijua majina ya wagonjwa na ya wauguzaji wao, wale ndugu wanaolala varandani na kupika nsima, ugali wetu, nyuma ya wodi. Bibi yake alipolazwa, mwanangu Mwandida alimwona Zione akimwogesha, taratibu, huku akimtania mpaka bibi anacheka bila meno. Akaniambia, "Mama, nataka kuwa kama yule." Akaenda chuo cha uuguzi.

Sasa, wakati huo manesi walikuwa wamebaki wanne, na wagonjwa sitini, wengine wawili wawili kitandani, wengine mikekani. Joto, mapigo, presha, vyote vya saa kumi jioni. Mtu mmoja ataviwezaje? Basi wakawa na mtindo wao. Saa nane mchana wanakaa mezani, wanajaza karatasi zote za saa kumi kabla saa kumi haijafika. Anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, sitini nzima. Wote walifanya, na sisi wadeki tuliona.

Ilianza kwa harufu. Saa kumi kamili, kona ya mwisho karibu na chumba cha kuoshea mabeseni, pasipo na kitanda wala mkeka, pananuka ukoko wa nsima iliyoungua. Zione akanituma kwenye majiko ya wauguzaji. Nikakuta majivu yamepoa.

Siku ya tatu tukakuta karatasi ya vipimo imening'inia ukutani pale konani. Haina jina, ina namba ya kitanda tu: thelathini na moja.

"Mama Mwandida," Zione alininong'oneza, "huu mwandiko wa nani?"

"Wako, sista."

"Sijaandika mimi!"

"Saba yako hiyo, yenye mkato katikati. Nani mwingine anaandika hivyo humu?"

Akaichana vipande vipande. Kesho yake iko palepale, imejazwa hadi siku ambayo haijafika.

Kisha sauti ikaanza kumwita. Mimi sikusikia, ila nilimwona akigeuka, nikamuuliza. Akasema ni sauti ya mwanamke, ya mtu anayeona haya kusumbua, inauliza neno moja tu: "Sista, umenipima?" Akaanza kwenda kupiga magoti konani, na kipimajoto mkononi, mbele ya sakafu tupu. Wagonjwa wakadhani anasali.

Kitanda cha kumi na mbili alilala binti aliyejifungua juzi yake, anaitwa Lukiya. Alikuwa anauguzwa na mama yake, Abiti Kawinga. Mchana mmoja, karatasi zikiwa zimeshajazwa, mama huyo akasogea mezani, khanga kaifumbata kifuani.

"Samahani sista. Mwanangu anatetemeka. Nikae naye, au nikampikie?"

Zione hakuinua kichwa. Alivuta karatasi ya kumi na mbili, akasoma mwandiko wake mwenyewe. "Vipimo vyake vizuri, mama. Kapike."

Lukiya alikata roho saa tisa, peke yake, watu sitini wakiwa pembeni yake, na Zione alikuwa upande wa pili anahangaika na mwingine anayevuja damu, na aliponiona namkimbilia akajua kabla sijasema, akaja, akaushika mkono wa binti, na harufu ya ukoko ikaanza kutambaa kutoka konani, kitanda baada ya kitanda, nzito kuliko siku zote, hata mimi ikanikaba, mpaka ikafika mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Abiti Kawinga na sahani ya nsima na usipa, vile vidagaa vya ziwani, anacheka kwa aibu, anasema, "Nimechelewa sista, nsima imeniungulia."

Kilio chake sitakisimulia. Kilipotulia alimwomba Zione kitu kimoja, maana hajui kusoma. "Nisomee karatasi ya mwanangu. Imesemaje?"

Zione akasoma. "Saa kumi. Anaendelea vizuri."

Saa kumi ilikuwa haijafika. Abiti Kawinga hana saa. Akamshika Zione mikono yote miwili. "Basi ni kazi ya Mungu. Ahsante, mwanangu. Ulimwangalia."

Nilikuwa pale na ndoo yangu, nikainama kukamua dekio.

Zione akaacha kula. Akaenda kwa Mwalimu Che Saiti, mtoa majini. Mzee akanusa nguo zake, akafunga kitabu.

"Huyu si jini wa ziwani," akamwambia. "Huyu hukaa panapoandikwa uongo juu ya mgonjwa, na kwa anayeujua akauficha. Ulimpokea kwa mdomo, atatoka kwa mdomo. Nenda kwa yule mama, mwambie uliandika nini, na uliandika saa ngapi. Ataondoka asirudi tena."

"Na nikishindwa?"

"Mkabidhi mwingine, kama ulivyokabidhiwa. Ila hapa kwangu usirudi."

Alikwenda, haki ya Mungu alikwenda. Abiti Kawinga akamtandikia mkeka, akampa thobwa, togwa ya mahindi, akawaita majirani: "Njoni mumwone aliyemwangalia Lukiya wangu!" Zione akanywa thobwa yote, akashukuru, akarudi. Haya yote alinieleza yeye mwenyewe, huku analia.

Ijumaa hiyo aliacha kazi. Alimkabidhi Asiyatu, binti mwenye miezi miwili tu tangu atoke chuo. Akasoma daftari mpaka thelathini. Nikamwomba Mungu Zione alifunge daftari. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na thelathini na moja, anaendelea vizuri."

"Nimepokea, sista," akajibu Asiyatu, anatabasamu.

Zione akashusha pumzi. Nami nilijua, nikanyamaza tena.

Siku hizi Zione anakaanga mandasi stendi. Anasema usiku analala fofofo, na akisema hivyo hukwepa macho yangu. Kila nesi akiondoka wakubwa husema vijana wa sasa hawana moyo. Asiyatu amekonda hadi gauni linamning'inia, na kesho ni siku yake ya mwisho. Nesi mpya atakayempokea zamu alifika jana na basi. Ni Mwandida wangu.

Jioni hii alikuwa anapiga pasi gauni lake jeupe, anaimba. Nikamwambia, "Mwanangu, kesho wakikukabidhi, hesabu. Wodi ina vitanda thelathini."

"Mama, tangu mtoto unaniambia hivyo! Kuna nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Kumweleza karatasi zile, na Lukiya, na mimi niliyesimama na ndoo. Nikaona atakavyonitazama. Nikasema, "Hakuna kitu. Maliza, mimi nikapike."

Hapo ndipo iliponifikia harufu ya ukoko. Jiko langu lilikuwa halijawashwa.

Mwandida akasimamisha pasi, akageuza kichwa kuelekea konani kwetu.

"Mama," akasema, "kuna mgonjwa humu ndani? Kuna mtu ananiuliza kama nimempima."