Faksi ya Mama Ilikuwa na Kurasa Tatu

"Mama yangu akipofuka, ujue ni wewe."

Nilimwambia hivyo Mama Pacha saa tisa alasiri, mbele ya wagonjwa waliojaa mabenchi ya mapokezi. Wala sikunong'ona. Mzee mmoja mwenye bandeji jichoni aligeuza shingo nzima ili anione vizuri.

Mama Pacha alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena...

Wapendwa, naandika haya nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Lakini nawaomba msome mpaka chini, maana shida yote hii ilianza kwa watu kutofika chini.

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ndogo ya macho. Asubuhi nakaa mimi, mchana anakaa Mama Pacha, kiti kimoja, kompyuta moja. Tunamwita hivyo kwa sababu ya mapacha wake. Kwa umri ni dada yangu, na kwa miaka sita alikuwa rafiki yangu wa kula sahani moja.

Sisi hatupasui macho. Tunapima, tunaandika barua, tunapeleka majina hospitali kubwa. Wao wanarudisha tarehe za upasuaji kwa faksi. Zamani faksi ilitoka kwenye mashine kwa karatasi, unaisikia ikikohoa huko pembeni. Siku hizi inaingia kwenye kompyuta kama faili. Unalifungua, unasoma, unaandika kwenye daftari: imetoka wapi, kurasa ngapi, nani kasoma.

Mama yangu alikuwa kwenye foleni hiyo.

Mama ni fundi cherehani. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia, daktari wetu alisema likicheleweshwa miezi mingine minne, hatakuwa na la kuahidi. Tulingoja. Kila jioni mama aliniuliza, "Mwanangu, hawajaleta tarehe?" Nami namjibu bado, mama. Bado. Bado.

Siku hiyo nikachoka kungoja, nikapiga simu mwenyewe.

Mhudumu wa kule akapekua makaratasi yake, kisha akaniuliza kwa upole kama mgonjwa ameahirisha.

"Kuahirisha nini?"

"Upasuaji, dada. Ulikuwa jana, saa mbili asubuhi. Tuliwatumia wiki tatu zilizopita. Kurasa tatu, na mashine inaonyesha zote zilipokelewa."

Nikauliza itakuwaje. Akasema aliyekosa tarehe anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni miezi minne.

Nikafungua daftari. Faksi hiyo ilikuwepo, mwandiko wa Mama Pacha umelala kulia kama kawaida yake: *Ukurasa 1. Orodha haijaja.*

Nikafungua faili lenyewe. Ukurasa mmoja tu. Salamu, mhuri, na maneno ya kuomba tuangalie orodha iliyoambatishwa. Orodha hakuna.

Wao wametuma tatu. Kwenye kompyuta ipo moja. Zamu ni ya Mama Pacha. Na mwezi uliopita tulikuwa tumekosana, nilimshtaki kwa daktari mkuu kwamba anachelewa kunipokea. Ningewaza nini? Niliwaza kisasi. Nikaona kafuta kurasa mbili za mama yangu kwa roho mbaya tu.

Akaingia zamuni, nami nikamwashia moto. Yale mliyoyasoma juu ni sehemu ndogo. Nilimtajia mpaka watoto wake, jamani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alisema neno moja tu nilipomaliza.

"Sikufuta."

Daktari mkuu akanirudisha nyumbani nikapoe, akaagiza fundi wa kompyuta aitwe. Mama hakuniuliza kuhusu tarehe jioni ile. Nadhani aliusikia mwendo wangu.

Fundi alikuja siku ya tatu. Baba wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni, mtu wa maneno machache. Nilimweleza kwa ukali kwamba nataka arudishe kurasa zilizofutwa. Mama Pacha alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Akafungua ile faksi. Akaitazama. Akauliza, "Kwani hizi faksi mnazifungulia kwenye programu ya picha?"

Nikamwambia tunabonyeza tu, inafunguka yenyewe.

"Inafunguka inakotumwa ifunguke. Hii programu ni ya picha. Picha huwa moja, kwa hiyo inawaonyesha ukurasa wa kwanza, inaishia hapo. Hakuna aliyefuta kitu."

Akabonyeza upande wa kulia wa kipanya, akachagua kufungulia faili kwenye programu nyingine, ile ya faksi tuliyokuwa nayo zamani.

Kurasa tatu.

Kwenye ukurasa wa pili, mstari wa nne, jina la mama yangu. Tarehe. Saa mbili asubuhi.

Na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kulikuwa na maneno *1 kati ya 3*. Yalikuwepo siku zote. Mama Pacha hakuyaona. Mimi nilizipokea nyingine tano za namna hiyo asubuhi, sikuyaona pia. Tulijisemea tu hospitali imesahau orodha, maana tulishazoea kuwasema kwa kusahau.

Fundi akarudi nyuma faksi moja moja. Kumi na tisa tulikuwa tumeziona ukurasa mmoja tu. Wagonjwa watano walikuwa wamekosa tarehe, mama akiwa mmoja wao. Ya kwanza kuandikwa *orodha haijaja* ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi uliopita.

"Jumatatu hiyo nani aligusa hapa?" fundi akauliza. "Kuna mtu aliweka programu ya picha, kompyuta ikamuuliza kama iitumie kwa mafaili yote ya aina hii, akakubali."

Nilitaka kusema sijui.

Lakini nilikumbuka, tena vizuri. Mama aliniomba nimkuzie picha ya marehemu baba, aione kabla jicho halijafunga. Niliiingiza kwenye kompyuta ya kazini asubuhi ile. Ikakataa kufunguka. Nikaweka programu ya picha. Ikaniuliza maswali, nina foleni ya watu mbele yangu, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma hata neno.

"Ni mimi," nikasema.

Mama Pacha aliondoka mlangoni.

Mchana huo niliandika barua kwenda hospitali, majina matano, na sababu: aliyebadilisha kompyuta ni mimi. Jina langu lote, sahihi yangu. Daktari mkuu akanipa onyo la maandishi. Nililipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake majibu yakaja kwa faksi.

Ukurasa wa kwanza, salamu na mhuri. *1 kati ya 3.* Safari hii niliyasoma kwa sauti.

Ukurasa wa pili, tarehe. Wanne wamepangiwa mwezi ujao. Mama yangu, Jumanne. Jumanne ya wiki ileile!

Sikuelewa. Kwa nini yeye?

Nikaenda ukurasa wa tatu.

Ilikuwa nakala ya barua. Wao waliandika pembeni kwamba waliipokea kabla ya yangu, na kwa barua hiyo muuguzi wao alishikilia nafasi moja iliyoachwa wazi. Mwandiko umelala kulia.

*Mgonjwa huyu ni mama wa mwenzangu kazini. Orodha haikumfikia, na zamu ilikuwa yangu, kwa hiyo kosa liandikeni kwa jina langu. Naomba msimrudishe mwisho wa foleni. Jicho limebaki moja.*

Juu kulikuwa na tarehe na saa ya kutumwa. Siku ileile. Saa kumi na dakika ishirini.

Mimi nilikuwa nimemtukana saa tisa.

Mama alipasuliwa Jumanne. Bandeji ilipotoka aliomba ile picha ya baba, akaisogeza karibu, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe hili shati nilimshonea mimi."

Mama Pacha nimemwomba msamaha mara tatu, na mara moja mbele ya mabenchi yaleyale. Amesema amesikia. Hajasema amesamehe, nami simharakishi. Tunapokezana kiti, ananiambia faksi ngapi zimeingia, kurasa ngapi.

Somo langu ni hili. Kabla hujamwambia mtu neno zito kwa sababu ya ulichokiona, jiulize umeonyeshwa kurasa ngapi. Mimi nilisoma mmoja, nikamhukumu dada yangu kwa zile mbili ambazo nilizificha mwenyewe.