Kitabu cha Lishe Kwenye Rafu ya Kuku

Nyumba ile ilikuwa na pasi moja na wanafunzi wawili. Kila asubuhi muuguzi na wifi yake waligombania pasi, kisha wakaongozana kwenda chuoni.

Muuguzi alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi. Hospitali ilimpa ruhusa ya mwaka mmoja tu aongeze elimu. Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alikuwa ametoka shule juzi juzi. Walisoma darasa moja.

Mwalimu aliwapa swali: kwa nini baadhi ya akina mama huacha kunyonyesha mapema? Insha ziliporudishwa, wifi alisifiwa mbele ya darasa zima. Insha ya muuguzi ilirudi na wino mwekundu: "Haya ni maneno ya muuza maziwa ya kopo. Andika upya kufikia Ijumaa." Akishindwa tena, angerudi wodini bila cheti.

Jioni, mdogo wake alikaa mezani akitabasamu.

"Profesa wangu, nipe chumvi," alimwambia mkewe. "Na wewe dada, umepata ngapi?"

"Kula, chakula kinapoa."

Wifi akasema polepole, "Wifi, kesho twende wote maktaba. Kuna kitabu kinene cha lishe ya watoto, kitakusaidia."

"Wewe unifundishe mimi mambo ya kunyonyesha? Hata mtoto huna!"

Wifi aliinuka, akaingia chumbani.

Kesho yake muuguzi aliwahi maktaba peke yake. Alikipata kile kitabu. Alikuwa hajamaliza kurasa mbili alipomwona wifi akiingia. Roho ilimchoma. Akajipenyeza hadi rafu za kilimo, akakisukuma kitabu nyuma ya vitabu vya ufugaji wa kuku.

"Tuone leo atasifiwa kwa lipi," alinong'ona.

Wifi alikitafuta kwa ajili ya insha iliyofuata, hakukiona. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika maneno machache, akasoma, akaandika mengine. Baada ya muda mfupi alikuwa anainakili makala moja huku uso umemchangamka. Muuguzi alimtazama kwa mbali kwa jicho la husuda.

Mchana wifi alipoondoka, muuguzi alirudi kwenye kuku. Kitabu hakipo! Alipekua kuku, akapekua mbuzi, akafika hadi kwenye mbolea. Ikabidi amwendee mkutubi.

"Kaka, natafuta kitabu cha lishe ya watoto."

"Kuna mtu kakikuta kwenye kuku, kaniletea," mkutubi alisema. "Dada, kila kitabu kina namba mgongoni. Kikikaa pasipo namba yake, hata mimi sikioni. Wewe ni muuguzi; ukimlaza mgonjwa kitanda cha mwenzake, dawa itamfika nani?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Nilikiweka mimi. Sikutaka wifi yangu akipate. Insha yangu imekataliwa, yule mtoto ananishinda, kaka, na mimi ndiye niliyezalisha watu."

Mkutubi hakumfokea. Alivuta kiti. "Insha yako ya kwanza, habari ulizitafutaje?"

"Niliandika swali zima kwenye simu. Nikachukua jibu la juu kabisa."

"Mgonjwa akisema ana homa, unampa dawa papo hapo?"

"Hapana! Namuuliza kwanza. Nampima."

"Basi habari nayo ipime. Nani kaandika? Lini? Ametoa ushahidi gani? Na ukimwamini, yeye anapata nini?"

Muuguzi alifungua kwenye simu ile tovuti iliyompa jibu. Akashuka hadi chini kabisa. Hapo palikuwa na picha ya kopo la maziwa, na bei yake.

"Mungu wangu! Kumbe alikuwa ananiuzia!"

Mkutubi akacheka. Akamwonyesha namna ya kutafuta kwenye kompyuta ya maktaba. Usiandike swali zima, chukua maneno makuu tu. Neno moja likikosa, jaribu jingine: kunyonyesha, maziwa ya mama, ulishaji wa watoto wachanga. Linganisha waandishi zaidi ya mmoja. Kisha sema wazi kila habari umeitoa wapi.

"Wifi yangu kayajulia wapi haya?"

"Kwenye somo langu la Jumatano. Wewe ulichungulia mlangoni, ukasema hilo ni la watoto."

Jioni muuguzi alimfuata wifi yake jikoni.

"Wifi, kile kitabu nilikificha mimi. Na lile neno la mezani lilikuwa la kuumiza. Nisamehe."

Wifi aliendelea kuosha sahani. "Kitabu nimesamehe," alisema hatimaye. "Lile neno bado linauma."

"Najua. Sitalirudia."

Wifi alimpa kitambaa cha kukaushia. "Haya, kausha. Na uniambie, kule wodini akina mama wenyewe husema wanaacha kwa nini?"

Muuguzi akasimulia: wanaorudi kazini mapema, wanaotishwa na majirani kwamba maziwa yao hayatoshi. Kesho yake alitafuta maktabani kama watafiti wameyaona hayo. Wengine waliyaona, wengine waliyapinga. Akaandika pande zote mbili, na kila habari akaitajia chanzo chake.

Ijumaa alikabidhi insha. Wiki iliyofuata mwalimu alilisomea darasa ukurasa mzima wa insha hiyo, akasema muuguzi amefaulu.

Njiani kurudi nyumbani wifi alitembea akipiga teke vijiwe.

"Una nini?" muuguzi aliuliza.

"Mimi alinisomea aya moja tu."

"Wifi! Roho inakuuma?"

"Inauma," wifi alisema, akamshika mkono. "Sasa na wewe ndiyo ujue, Jumatano kwenye somo la mkutubi kiti cha mbele ni changu."