Mtungi wa Mama Mkwe

Huko Zombe, Kitui, mtungi wa plastiki hautupwi. Ukitoboka, unazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa motoni. Ukikataa kuzibika, unakatwa na kuwa chombo cha kunyweshea kuku. Anayetupa mtungi mzima ataulizwa kama akili zake ziko sawa.

Ndiyo maana Mwangangi alipoona mitungi mitupu nyuma ya maabara, hakuona takataka. Aliona mali. Mwangangi ni mfagiaji katika chuo kikuu kimoja upande wa Kitui. Mitungi ilikuwa ya bluu, migumu, na vifuniko vyake vilibana vizuri. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka kwa jua. Alichagua mmoja, akauosha kwa sabuni na maji kidogo, kwa maana siku hiyo mifereji ya chuo ilikuwa mikavu. Chini kulibaki utando mweupe mgumu. Hakujali. Maji ya kisima cha Zombe yana chumvi, na kila mtungi wa huko una weupe chini.

Alimpa mke wake, Ndinda, ampelekee mama yake huko Zombe. Hakuupeleka mwenyewe. Wakamba wana nthoni, yaani heshima na haya baina ya mtu na wakwe zake. Mwanamume hamsogelei mama mkwe ovyo. Hampigii simu kumuuliza amekula nini, na habari za tumbo lake hazitaji kabisa. Likiwapo neno, linapitia kwa mke.

Mama mkwe huyo, Kasiva, alifurahi sana. Aliuweka mtungi jikoni uwe wa maji ya kunywa. Kila jirani aliyeingia alionyeshwa.

"Hii ni ya mthoni wangu, yule mkwe wa chuo," alisema.

Mwangangi aliposimuliwa hayo, alitembea kifua mbele. Nani hapendi kusifiwa ukweni?

Baadaye Ndinda alirudi kutoka Zombe na habari nyingine.

"Mama amekonda," alisema. "Anasema koo inamchoma. Hata tumbo inamsumbua."

"Ni hiyo maji ya chumvi," Mwangangi alijibu. "Huko kila mtu analia tumbo."

Hakuuliza zaidi. Tumbo la mama mkwe halikuwa neno lake.

Alhamisi moja wafagiaji wote waliitwa ukumbini. Walimkuta Kagure, afisa mpya wa afya na usalama kazini, mama wa Murang'a asiyependa kuzungusha maneno. Alikuwa amevaa glavu. Mbele yake mezani palikuwa na mtungi wa bluu uliokatwa katikati.

"Hii ilikuwa na formalini," alisema. "Ni dawa ya kuhifadhi wanyama waliokufa, wale wanafunzi wanapasua wakisoma. Mnaona nini hapa chini?"

"Chumvi," alisema Mulei, mfagiaji mwenzake Mwangangi.

"Si chumvi. Formalini ikikaa sana inaganda, inakuwa nyeupe hivi. Ukiweka maji, inayeyuka polepole. Kila ukijaza, unakunywa dawa. Inachoma koo, inachoma tumbo. Inaweza kuua mtu."

"Na ukichemsha maji?" Mulei aliuliza.

"Kuchemsha kunaua viini vya magonjwa. Sumu hii haiishi kwa kuchemshwa, na mvuke wake unaumiza macho na mapafu."

"Na ukiosha mtungi na sabuni?"

"Hata umalize sabuni ya Kitui yote, Mulei. Mtungi wa dawa haurudi kuwa wa maji."

"Lakini madam, ni mjinga gani anaweza kunywea kitu kama hii?" Mulei aliuliza, na ukumbi mzima ukacheka.

Mwangangi alicheka pia. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote, kwamba alicheka. Masikio yalimwaka moto. Alitazama viatu vyake. Angesimamaje aseme kwamba mjinga ni yeye? Chai ililetwa, akashindwa kuinywa. Hapo akakumbuka jambo lililomtoa jasho. Ndinda alikuwa amemwambia kwamba akina mama wa kanisa wangekutana kwa Kasiva mchana huo. Na mgeni wa Kasiva haondoki bila chai.

Alimpigia Ndinda. Ndinda ni mwalimu na alikuwa darasani, simu imezimwa. Alijaribu tena, ikawa vilevile.

Basi alimfuata Kagure mlangoni.

"Madam," alisema kwa sauti ya chini, "huyo mjinga ni mimi. Nilipelekea mama ya bibi yangu hiyo mtungi. Anakunywa nayo maji."

Kagure hakumgombeza. "Mpigie saa hii."

"Siwezi. Ni mama mkwe. Kwetu hatu..."

"Hata kwetu tunaheshimu wakwe, baba. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Unataka kumheshimu akiwa hai, ama kwa matanga?"

Mwangangi alipiga. Alimwita mama kwa Kikamba, akajitaja kwa jina la bintiye.

"Mwaitu, ni mimi. Baba Wavinya."

Kasiva akauliza kwa hofu, "Ndinda amekufa?"

"Hapana, Mwaitu! Ndinda ako sawa. Ni ile mtungi. Usinywe hayo maji. Usipatie wageni. Ilikuwa ya dawa ya sumu, na ni mimi niliileta. Nisamehe."

Nyuma ya Kasiva wanawake walikuwa wakiimba.

"Chai imeiva," alisema. "Nilikuwa naanza kumimina."

"Mwaga kwa choo," Kagure alimwelekeza Mwangangi, naye akayarudia maneno. "Si kwa kuku, si kwa mbuzi. Funga mtungi, weka mbali na watoto. Tutakuja kuichukua." Kisha Kagure akasema, "Muulize kama anatapika."

Mwangangi alifumba macho. Aliona aibu.

"Mwaitu," alisema, "tumbo... unatapika?"

"Natapika," Kasiva alijibu kwa sauti ndogo. Hata yeye aliona aibu.

"Asijilazimishe kutapika," Kagure alisema. "Asukutue mdomo na maji safi ya jirani. Aende hospitali leo, na aseme hilo jina, formalini."

Akina mama wa kanisa ndio waliompeleka. Daktari alikuta vidonda kooni na tumboni. Kasiva alitibiwa, na polepole akaanza kula ugali tena.

Kagure aliwaambia wakubwa wa chuo kwamba aibu si ya mfagiaji peke yake. Mitungi iliachwa nje ovyo, na wafanyakazi hawakuwa wamefundishwa. Sasa mtungi ukiisha dawa unatobolewa na kufungiwa stoo, mpaka watu wenye leseni ya taka za sumu waje kuuchukua. Wafagiaji wana glavu na buti.

Katika mkutano uliofuata Mwangangi alisimama akasimulia yote. Hakuna aliyecheka. Kisha Mulei akainua mkono, uso chini.

"Mimi niko nazo mbili nyumbani," alisema. Wengine wawili wakainua mikono baada yake.

Mwangangi na Ndinda walikwenda Zombe na mtungi mpya wa dukani. Mwangangi alisimama mbali kidogo na mlango, kama inavyotakiwa.

"Hiyo maji iliniuma ulimi tangu siku ya kwanza," Kasiva alisema, akitazama pembeni.

"Na hukusema, Mwaitu?"

"Ningeambiaje mthoni zawadi yake inauma?"

Wote wawili walitazama chini. Ndinda aliwaangalia, akatikisa kichwa. Heshima yao ilikuwa karibu kumzika mtu.

Siku moja Mwangangi alikuwa akifagia maabara, simu ikalia. Ilikuwa nambari ya mama mkwe. Aliipokea haraka.

"Baba Wavinya," Kasiva alisema bila kuzunguka, "hii mtungi mpya kifuniko yake inavuja."

Mwangangi aliegemea ufagio wake, akacheka kwa furaha. "Asante kuniambia, Mwaitu," alisema. "Nitaleta ingine."