Mlango Niliomfungulia Zablon

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, fundi wa mbao hapa Kawangware 46, nina mke na watoto wanne. Wasomaji wenzangu, wengi wanaosimulia mikasa yao kwenu ni watu waliotendewa mabaya. Mimi sikutendewa. Mimi ndiye niliyetenda, na niliyemtendea alikuwa amenishika mkono nilipokuwa sina mtu.

Nilifika Nairobi kutoka Maragoli miaka michache baada ya uhuru. Aliyenipokea alikuwa Zablon, mtu wa kijiji cha jirani na kwetu, aliyenizidi umri kwa miaka kama sita. Alikuwa amepanga chumba kimoja Mashimoni, Kibera, akikaa na mkewe, Mama Rasoa, na binti yao aliyekuwa bado ananyonya. Kwa miezi saba nililala upande wa pili wa pazia. Hakuna siku waliyonionyesha kwamba nimewabana.

Zablon alikuwa msambazaji wa mikate. Kila asubuhi aliichukua kwenye kiwanda kidogo karibu na Kona ya Dagoretti, akaipanga ndani ya sanduku la mbao lililofungwa nyuma ya baiskeli, akashuka nayo Barabara ya Ngong hadi kwenye vibanda vya Laini Saba na Mashimoni. Aliniombea kazi hapohapo, tukawa wawili.

Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli katikati ya magari. Kwetu nilikuwa nimezoea njia za mashambani tu. Alinifundisha kushika upande wa kushoto bila kuyumba, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, na kupiga kengele mapema ninapopita gari lililosimama.

"Mwenye gari hakuoni mpaka umwambie uko hapo," alikuwa akisema. "Na hata ukimwambia, usimwamini."

Kwa miaka mitatu nilikula vumbi la magari. Nimesukumwa kwenye mtaro. Nimetukanwa na madereva ambao nilikuwa nimewapisha. Nilijiapia kwamba siku nitakayoshika usukani, mtu wa baiskeli hatanilalamikia kamwe.

Siku hiyo ilifika. Nilipata leseni, na mwenye duka la misumari na rangi pale Kawangware akaniajiri niendeshe pikapu yake. Nikaoa, nikapanga chumba changu. Zablon alifurahi kuliko ndugu yangu wa tumbo moja.

Lakini sijui ni nini huingia ndani ya mtu akikaa juu ya injini... Haukupita mwaka, nikawa kama wale waliokuwa wakinitukana. Baiskeli mbele yangu ilinikera kama mbuzi aliyelala barabarani. Niliwapigia honi wakiwa karibu kabisa, washtuke. Jumapili moja baada ya ibada Zablon alinivuta kando.

"Yafeti, juzi umenipita karibu sana. Kioo chako kimenigusa mkono."

"Si ulifika salama?" nilimjibu nikicheka.

Hakucheka. Aliniambia tu, "Acha nafasi, ndugu yangu."

Sasa nifike asubuhi yenyewe.

Tulikuwa tumebeba simiti, mimi kwenye usukani na tajiri wangu pembeni. Alikuwa na hasira kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Aliniamuru nisimame papo hapo kando ya Barabara ya Ngong, nikaulize nyumba ya mteja. Nilisimama vibaya, nusu ya gari ikiwa bado juu ya lami. Nilipokuwa nikishika kitasa, nilisikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Niliisikia vizuri kabisa. Nikajiambia, atanipisha. Na nikausukuma mlango bila kugeuza kichwa.

Mlango ulirudi kwa kishindo. Nilipochungulia, niliona mikate imetapakaa lami yote, na mtu amelala kifudifudi katikati ya barabara. Gari lililokuwa likija lilifunga breki, likasimama hatua chache kutoka kichwani pake.

Nilimtambua kabla sijamgeuza. Nani asiyemjua aliyemlisha?

Watu walikusanyika upesi. Askari aliyekuwa akiongoza magari kwenye kona iliyokuwa karibu alikuja mbio, akauliza nini kimetokea. Tajiri ndiye aliyejibu.

"Gari lilikuwa limesimama. Huyu amekuja na mbio zake akaligonga." Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, dereva?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja hilo, wasomaji. Moja tu.

Nilimpakia Zablon nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya simiti, kichwa chake mapajani mwangu, tajiri akaendesha mpaka hospitalini. Tukiwa tunasubiri pale nje, tajiri alinong'ona kwamba nikibadilisha hata neno moja mimi ndiye nitakayekwenda ndani, si yeye, na kwamba madereva wanaotafuta kazi ni wengi. Mke wangu alikuwa mjamzito wakati huo. Niliitikia kwa kichwa.

Zablon alizinduka siku ya tatu. Paja lilikuwa limevunjika na goti limesagika. Alikumbuka akifunga kamba ya sanduku lake kule kiwandani, basi. Baada ya hapo hakukumbuka chochote. Alimuuliza mkewe kilichompata, naye Mama Rasoa akamweleza yale aliyoambiwa: kwamba alikuwa na haraka, akagonga gari lililosimama, na kwa bahati gari lenyewe lilikuwa langu, nikamwokoa.

Nilikuwa nimesimama hapo kando ya kitanda. Zablon alinyoosha mkono, akaushika wangu.

"Mungu alikuweka pale," alisema.

Hapo ndipo mlango wa kweli ulipofungwa, na mimi nikiwa ndani. Kama angenichukia ningeweza kutoroka. Mtu anayekushukuru utamkimbiaje?

Alikaa hospitalini miezi. Alipotoka, goti lilikuwa halikunjiki tena. Kiwanda kilikuwa kimempa mtu mwingine kazi yake. Walisema mtu mzembe aliyeharibu baiskeli ya kiwanda na mikate ya siku nzima hadai chochote. Na kwa nini wasiseme hivyo, wakati maelezo ya dereva yalikuwa yameandikwa na askari?

Akaanza kutengeneza baiskeli nje ya chumba chake pale Mashimoni. Kila kijana aliyemletea tairi alipewa mahubiri. "Usiwe kama mimi. Mimi nilikuwa na mbio. Gari limesimama, halijanifanya kitu, nikaliendea mwenyewe." Alisema hivyo hata kanisani, mbele ya watu wote, akiegemea mkongojo wake. Kisha alinitaja kwa jina niinuke, watu wanipigie makofi. Ningefanya nini? Niliinuka. Jumapili nyingi niliinuka...

Nilimpelekea unga na sukari. Kila nilichompelekea kilinirudia kama sifa. Mama Rasoa alikuwa akimwambia mumewe mbele yangu, "Mwangalie Yafeti, mtu wa akili. Angekuwa na mbio kama zako, nasi tungekuwa wapi?" Zablon aliinamisha kichwa, akaendelea kunyoosha spoku za gurudumu.

Mwanzoni ilikuwa mizaha ya mtu na mkewe. Baadaye ikawa ugomvi. Mama Rasoa alianza kufua nguo za watu Lavington, mtaa wa wenye pesa, akiondoka asubuhi na kurudi na mikono imechubuka, na kila shida iliyoingia katika chumba kile ilibebeshwa mbio za Zablon. Binti yao alikuwa amefika umri wa kusikia na kuelewa. Siku moja nilimsikia akimwambia baba yake, "Si ni wewe ulijivunja." Zablon hakumkemea. Alisema, "Ni kweli, mama."

Mara tatu nilikwenda kwake nikiwa nimeazimia kusema. Mara tatu nililetewa chai, nikainywa, nikarudi Kawangware.

Nilianza kuogopa kazi yangu. Nikiwa njiani na pikapu, kila baiskeli niliyoiona ilikuwa ya Zablon. Nilitaka kuacha, lakini tajiri aliniambia nikiacha ataona kwamba nina jambo la kwenda kusema, naye atasema lake kwanza. Nilimwogopa yeye, nikaogopa polisi, na zaidi ya wote nilimwogopa Zablon na shukrani zake.

Mwaka wa tano Mama Rasoa alifunga virago, akamchukua binti, akarudi kwao Maragoli. Aliwaambia majirani kwamba amechoka kuadhibiwa kwa ujinga wa mtu mwingine.

Jioni hiyo nilimweleza mke wangu, Kezia, yote. Nilidhani atalia au atanifariji. Aliniuliza:

"Unaniambia mimi ili iweje? Mimi ndiye niliyevunjika mguu?"

Jumamosi iliyofuata nilitembea kutoka Kawangware hadi Mashimoni kwa miguu. Nilimkuta Zablon nje, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake. Alianza kuita jirani atuletee chai. Nikamwomba asiite. Nilibaki nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitanyamaza tena.

"Zablon, hukugonga gari. Ni mimi nilifungua mlango bila kuangalia. Mlango ndio ulikupiga."

Aliweka spana chini polepole. Hakupiga kelele. Alianza kuniuliza, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

"Nilikuwa upande gani wa barabara?"

"Upande wako. Ulikuwa unapita gari tu."

"Nilikuwa na mbio?"

"Hapana. Ulikuwa na mzigo, ulikuwa unakwenda pole."

"Kengele nilipiga?"

"Ulipiga. Na mimi nilisikia."

Alifunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi. Nilingoja anitukane, hata anipige kwa mkongojo. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Miaka mitano," alisema. "Miaka mitano nimejiita mjinga mbele ya mtoto wangu, na wewe umekaa hapa unakunywa chai yangu."

Nilipiga magoti kwenye matope nikaomba msamaha. Alisema msamaha tutauzungumza baadaye, kwanza kuna watu wanaotakiwa kusikia.

Jumatatu nilikwenda polisi mwenyewe. Afisa aliyenisikiliza alitafuta faili, hakuipata. Aliniambia jambo hilo ni la zamani, nirudi nyumbani nikawe mtu mzuri. Je, mnajua uchungu wa kwenda kujitoa ufungwe, ukaambiwa hapana nafasi yako? Tajiri alisikia, akanifukuza siku hiyo hiyo. Jumapili niliinuka kanisani, safari hii bila kuitwa, nikasema yote. Hakuna aliyepiga makofi.

Kisha Zablon akanitaka twende Maragoli. Tulikaa kiti kimoja ndani ya basi mchana kutwa, na maneno aliyonisemesha hayafiki kumi. Mbele ya Mama Rasoa, baba yake na binti, nilirudia kila kitu: nilivyosimamisha gari vibaya, kengele, mlango, uongo wangu kwa askari. Nilipomaliza, Mama Rasoa hakunitazama hata kidogo. Alimgeukia mumewe.

"Na mimi nimekuita mjinga," alisema. "Kila siku nimekuita mjinga. Kwa nini ulikubali?"

"Nilidhani ni kweli," Zablon alimjibu.

Mama yule alilia mpaka baba yake akatuomba sisi wageni tutoke nje. Binti alikwenda akakaa karibu na mguu mbovu wa baba yake, akauwekea mkono gotini. Nikaondoka bila kuaga, nikatembea peke yangu hadi stendi.

Walirudi Nairobi wote watatu. Baada ya wiki chache Zablon alinitumia ujumbe nikutane naye Laini Saba, kando ya reli. Aliniambia hanichukii, na kwamba amemwachia Mungu. "Lakini usije kwangu tena, Yafeti. Nikikuona umekaa kwenye kiti changu nitakumbuka jinsi ulivyokuwa ukinitazama." Nilimwuliza kama siku moja nitaruhusiwa kuja. Alisema hajui. Sasa ni miaka mingi, na hajaniita.

Sikutafuta tena kazi ya udereva. Nilijifunza ufundi wa mbao, na kazini nakwenda kwa baiskeli. Ninajua tena jinsi gari linavyokupuliza likikupita karibu, na jinsi unavyokitazama kila kioo cha gari lililosimama ili uone kama kuna kichwa cha mtu ndani. Madereva wengi si watu wabaya. Hata mimi sikuwa mbaya. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimesahau.

Kwa hiyo nawasihi. Wewe mwenye gari, usisimame nusu juu ya lami. Kabla hujagusa kitasa, geuza kichwa chako chote utazame nyuma. Ukimpita mtu wa baiskeli, mpe nafasi ambayo ungempa kama angekuwa baba yako. Nawe wa baiskeli, kaa mbali na milango ya magari, jionyeshe, onyesha mkono, usidhani umeonekana.

Na kama yupo anayesoma haya huku ana jambo kama langu limemkaa kifuani, asisubiri Jumamosi kama mimi. Aende leo kwa yule aliyemkosea, aseme akiwa amesimama, hata kama atafukuzwa. Mimi nilifukuzwa. Lakini Rasoa sasa anajua baba yake ni mtu wa namna gani.