Tanuri la Mawe ya Kinuni

Donge la unga lilikuwa na alama ya kiganja.

"Cuthbert, umeugusa unga wangu?" Ismay aliuliza.

Mumewe alikuwa mlangoni na kikombe chake cha kakao. "Mimi? Mara ya mwisho nilipokanda unga si ulinifukuza jikoni?"

Ismay hakucheka. Alama ilikuwa ndogo kuliko kiganja chake, ya mkono wa kulia wa mwanamke mwingine, na nyumba ile waliishi wawili tu.

Tanuri lilikuwa jipya. Cuthbert alilijenga kwa mawe aliyoyang'oa kwenye magofu ya kinu cha miwa, kule kilimani, yaliyosimama tangu enzi za utumwa. Wiki hiyo, kila adhuhuri, tanuri likiwa baridi, jikoni palianza kunuka maji ya miwa yanayochemka. Na kisiwani kwao Carriacou hakuna aliyelima miwa tangu enzi za babu zao.

Siku ya tano mkono wa kulia wa Cuthbert ulikufa ganzi. Daktari hakuona ugonjwa wowote.

Ndipo akaitwa Shangazi Evadne, ambaye ndiye huwaandalia wahenga wa ukoo sadaka yao. Aliingia jikoni, akanusa, akakataa kiti.

"Mawe umeyatoa wapi, mwanangu?" alinong'ona.

"Kinuni, Shangazi."

"Hukuambiwa kule walikuwa wanatundika shoka? Mtu akinaswa mkono kwenye vyuma, kinu hakisimami. Unakatwa mkono. Bwana hataki miwa yake ichelewe."

Ilikuwa saa sita. Harufu ikaja, tamu, nzito, ya kukaba koo, na nyuma yake mlio wa vyuma vikisagana, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, ukitoka ndani ya mawe na kuwapanda miguuni, mpaka vikombe vikatetemeka kwenye rafu na Cuthbert, macho yamemtoka pima, akafunua kinywa na kusema kwa sauti ya mwanamke ambayo Ismay hakuwahi kuisikia, "Zamu yangu haijaisha."

Hawakungoja. Walilibomoa tanuri mchana uleule, wakayarudisha mawe yote kilimani. Ismay alimwaga ramu, akaweka chini sahani ya wali na kuku. Jina la yule mwanamke hakuna aliyelijua, basi Shangazi aliyaita mataifa ya watumwa wa kinu moja moja: Kromanti, Igbo, Kongo.

"Kinu kimesimama, mama," alisema. "Nenda kapumzike."

Harufu, iliyowafuata hadi kilimani, ikakatika papo hapo.

Walipokuwa wakishuka, Ismay alikuwa amemshika mumewe ule mkono mgonjwa. Akahisi vidole vikijikunja kiganjani mwake, kimoja kimoja, vina joto. Machozi yakamlengalenga.

"Umepona," alisema.

Vidole vikakaza. Vikakaza zaidi, mpaka mifupa ikamuuma.

Cuthbert alikuwa amesimama, anautazama mkono wake, midomo imemkauka.

"Ismay," alisema polepole, "si mimi ninayekushika."